Homa ya Sumaku ya Tatu

Mpishi wa Kituo cha Ilangasi alikuwa na mazoea yake. Kikombe cha kwanza cha chai ya maziwa kilikwenda kwa Twilumba Kiyeyeu, msimamizi wa kinu cha zamani cha nyuklia, kabla hata mkurugenzi hajapata chake. Kinu hicho watu wote wa bonde la Rukwa walikiita Bibi, na aliyemtunza Bibi alistahili kunywa kwanza. Lakini asubuhi ile ya Jumanne, wiki ya uzinduzi, Twilumba alimwona mpishi akipita na sinia mbele ya mlango wake na kuvuka uwanja moja kwa moja kuelekea jengo jipya jeupe, bila hata kugeuza shingo.

Chai ni chai, ingefika tu. Ilipofika ilikuwa imeshaganda utandu juu.

"Samahani, Injinia," mpishi alisema. "Kule kwa Bi Arusi wana wageni."

Bi Arusi lilikuwa jina la kinu kipya. Mwenye Bi Arusi alikuwa Kandida Tawete, ambaye picha yake, kubwa kama mlango wa ghala, ilikuwa imebandikwa kwenye stesheni ya treni ya Sumbawanga. Watoto wa shule walikuwa wameshatungiwa wimbo wenye jina lake. Twilumba aliusikia kila alipokwenda sokoni, na kila mara aligundua kwamba anatembea kwa mdundo wake. Hilo lilimuudhi kuliko wimbo wenyewe.

Alitoa utandu kwa kijiko akageukia mita zake. Chini ya miguu yake, ndani ya maji na zege, Bibi alikuwa akifanya kazi aliyoifanya tangu Twilumba hajazaliwa, nayo ilikuwa kazi ya kupasua. Nyutroni moja inagonga kiini kizito cha urani, kiini kinapasuka vipande viwili, joto linatoka, na pamoja na joto zinatoka nyutroni nyingine mbili au tatu ambazo nazo zinakwenda kugonga majirani. Usipozidhibiti, zitazaana bila mpango. Ndiyo maana ziko fimbo zinazomeza nyutroni za ziada. Fimbo zikipanda, Bibi anachangamka, zikishuka, anasinzia. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, na taa inawaka Laela.

Laela leo, Muze kesho. Bibi alikuwa amezeeka, na umeme wake uligawanywa kwa zamu. Hospitali zilipanga upasuaji kwa kalenda ya umeme. Mama mjamzito ambaye uchungu ulimshika siku isiyo ya zamu yao alijifungua kwa tochi. Twilumba aliyajua hayo yote. Alijua kwamba Bi Arusi akiwaka, zamu zitakwisha, na hakuna mwenye akili timamu asiyetaka zamu ziishe. Alilitaka hilo kwa moyo wote. Alichotaka pamoja nalo ni kwamba aliyelileta asiwe Kandida.

"Kamwene, mateka wangu," sauti ilisema mlangoni kwa salamu ya Kihehe. "Naona yule mbwa wa getini hayupo. Umeshamla?"

Kandida alikuwa amesimama kizingitini ndani ya ovaroli nyeupe mpya, mikono kiunoni.

"Nimekuwekea mkia," Twilumba alijibu bila kugeuka. "Maana nyie Wangoni tangu tulipowakimbiza hamjakaa chini mkala vizuri."

"Mlitukimbiza? Mlikuwa mnatukimbia, ila mlipotea njia mkatokea nyuma yetu."

Wote wawili walicheka. Zamani Wahehe na Wangoni walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakageuza vita kuwa utani: Mhehe akaitwa mla mbwa, na kila mmoja akamwita mwenzake mateka. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe ukalazimika kucheka. Anaweza kulala mlangoni pa harusi au mbele ya jeneza, akazuia kila kitu mpaka apewe fidia aitakayo, na atakayemkasirikia ndiye mwenye kosa. Tangu siku ya kwanza chuoni, Twilumba na Kandida hawakuwahi kuzungumza kwa lugha nyingine. Walifundishana fizikia kwa matusi. Walifarijiana misiba kwa matusi.

Na ni kwa utani huohuo Bi Arusi alizaliwa. Kandida alikuwa akihangaikia sumaku. Kazi ya Bi Arusi ni kinyume cha ya Bibi: yeye huunganisha. Anachukua viini vyepesi vya hidrojeni, ambavyo kwa kawaida husukumana, anavipasha joto kuliko la katikati ya jua mpaka vinagongana na kushikamana kuwa kiini kimoja cha heliamu, na muungano huo unatoa nguvu kubwa ajabu. Hakuna sufuria duniani inayoweza kushika moto wa namna hiyo. Unashikwa hewani, kwa sumaku. Na sumaku zenye nguvu ya kutosha hufanya kazi zikiwa katika baridi kali tu, baridi inayotoka kwenye heliamu iliyofanywa kimiminika. Heliamu ilikuwa adimu, nayo iliuzwa na watu wa mbali kwa bei ya kukatisha tamaa.

Siku moja kantini Twilumba alikuwa amesema, akitafuna mhindi, "Bi Arusi wako mpe anywe jasho la bibi zake."

Meza nzima ilicheka. Chini ya bonde la Rukwa kuna miamba mikongwe yenye urani, na urani haingoji mtu aipasue. Inaoza yenyewe, atomi moja hapa, nyingine kule, na hakuna awezaye kujua ipi itafuata. Lakini ukizitazama kwa wingi wake unajua kwa hakika nusu yake itakwisha baada ya muda gani. Kila moja inapooza hurusha chembe iitwayo alfa, na alfa ikishaokota elektroni mbili njiani, tayari ni heliamu. Kwa enzi na enzi jasho hilo lilikuwa likikusanyika chini ya mashamba ya mpunga.

Meza nzima ilicheka, isipokuwa Kandida. Yeye aliinuka akaacha chakula chake. Leo mabomba ya heliamu yalitoka bondeni mpaka kituoni, na katika kila hotuba Kandida alimshukuru "rafiki mmoja aliyenipa wazo." Rafiki mmoja. Kama vile rafiki huyo hakubatizwa.

"Njoo utundike vipimo vyako vya mionzi kwenye Ukumbi wa Baridi," Kandida alisema sasa. "Mama Mkurugenzi yuko kule anajaribisha viti."

*

Ukumbi wa Baridi ulikuwa umetenganishwa na kinu chenyewe kwa ukuta mnene wa zege. Humo ndimo heliamu ilimopozwa na kurudishwa kwenye sumaku, na kwa kuwa ulikuwa mpana na salama, ndimo wageni wangekaa siku ya Jumamosi. Twilumba aliingia na sanduku lake la vipimo akasimama.

Ukumbi ulikuwa umevishwa kama kwa harusi. Mafundi wa mapambo kutoka mjini walikuwa juu ya ngazi, wakivuta vitambaa vyeupe na vya dhahabu kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka dari lote likawa mawimbi. Ilipendeza. Roho ilimuuma jinsi ilivyopendeza. Bibi alipozinduliwa, walisimulia wazee, watu walipewa soda moja moja.

Kisha akaona kamba zilikofungwa.

Juu kabisa kwenye paa kulikuwa na madirisha ya dharura, mabati makubwa yenye mikono ya chuma, yaliyotengenezwa kufunguka yenyewe gesi ikisukuma kutoka chini. Sumaku ikipoteza baridi yake ghafla, heliamu ndani yake huchemka mara moja na kuvimba mara mamia. Valvu huiachia humu ukumbini, nayo kwa kuwa ni nyepesi hupanda juu na kutokea paani. Fundi wa mapambo haelewi hayo. Yeye alitafuta mahali imara pa kufungia kamba, akaona mikono ya chuma, akashukuru Mungu, akaifunga yote kwa mafundo ya kuvutia ng'ombe.

Twilumba alishusha macho kwenye kioo cha kompyuta cha ukutani kilichoonyesha majaribio ya asubuhi. Sumaku ya kwanza, ya pili, zilikuwa mstari ulionyooka. Ya tatu, kila umeme ulipokaribia kilele, ilipanda joto kidogo, kama mtoto anayeanza homa, halafu ikatulia. Kidogo sana, ndani ya mipaka iliyokubaliwa. Mtu anayeipenda mashine hiyo angesema ni kawaida.

Twilumba hakuipenda.

Mama Sikazwe, mkurugenzi, alikuwa ameketi kiti cha mbele akijipepea. Mafundi, wahandisi, wapishi, wote walikuwepo. Ilikuwa nafasi ya kusema. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilitoka kwa lugha aliyoizoea.

"Mateka wangu," aliita kwa sauti ya kujaza ukumbi, "hivi umeamua kutufukiza kama panya shimoni? Sumaku yako ya tatu ikipandwa na homa, heliamu yote itahamia humu, na dari umeshalivisha kilemba. Utatuzika na mapambo yetu."

Kandida alitazama juu. Kwa kitambo kifupi tu. Kisha akacheka, na alipocheka yeye wakacheka wote, na fundi mmoja nusura adondoke ngazini.

"Mhehe anaogopa pazia," Kandida alisema. "Jumamosi tutamtafutia kiti nje, karibu na mbwa."

"Hawa watu," Mama Sikazwe alisema akijifuta machozi. "Wanafaa wawe na kipindi redioni."

Twilumba alitundika vipimo vyake akiwa bado anatabasamu. Alipovuka uwanja kurudi kwa Bibi, alijisikia mwepesi kwa namna ambayo hakuwa amejisikia kwa miezi. Amesema. Tena mbele ya mashahidi. Kukiharibika neno, hakuna atakayemwambia hukusema.

Wepesi huo ulikuwa na ladha, na ilimchukua mpaka jioni kuitambua. Ilikuwa ladha ya mtu aliyeweka mtego akaenda zake kuchota maji.

*

Ijumaa mchana treni ilileta kwaya kutoka Songea. Pamoja nao alikuja Mzee Tawete, baba yake Kandida, katekista mstaafu mwenye kifua kibovu na tai iliyofungwa vizuri. Hakwenda kwanza kwa binti yake. Alikwenda kwa Twilumba, akaketi barazani akitweta, akamkabidhi mfuko.

"Dagaa wa Nyasa," alisema. "Mbwa nimekosa. Msimu wake umepita."

"Shikamoo baba. Umechoka."

"Marahaba, mateka. Sijachoka, nimefurahi, kwa umri wangu ni kitu kilekile." Alinyamaza avute pumzi. "Kandida akija nyumbani hana simulizi nyingine. Mtani wangu kasema hivi, mtani wangu kanicheka vile. Mama yake alikuwa akimwambia, siku mtani wako akiacha kukutukana ndiyo ujue amekuchoka."

Twilumba aliingiza mkono kwenye mfuko wa dagaa, apate kitu cha kufanya. "Mtakaa wapi kesho, baba?"

"Juu. Ile roshani ya juu kabisa, karibu na yale mapambo, mimi na kwaya. Wamesema sauti ikitoka juu inashuka vizuri. Nami nitamwona mwanangu vizuri zaidi."

Heliamu haina rangi wala harufu. Anayeivuta hakabwi, anasikia tu uchovu kidogo, anatafuta mahali pa kukaa, na hainuki tena. Nayo hupanda juu, hujaza kwanza kilicho juu.

Mzee alipoondoka, Twilumba alimpigia simu Kandida.

"Kandida, nazungumza kweli sasa."

"Na mimi kweli nina mawaziri watatu na vyumba viwili."

"Lile dari. Niliposema siku ile kuhusu dari—"

"Nitakuachia pazia moja ushone gauni. Lala mapema, mateka, usije kesho na macho ya mchawi." Simu ikakatika.

Alitafuta jina la Mama Sikazwe kwenye simu. Lilikuwa pale. Angesema nini? Mama, madirisha ya paa yamefungwa. Na mama angeuliza: uliona lini? Jumanne. Jumanne ulikuwa nami ukumbini, mbona hukuniambia? Nilikuambia, mama, ulicheka. Na kituo kizima kingesema kile ambacho tayari kilikuwa kikisemwa kantini, kwamba mlezi wa kikongwe ameshindwa kuvumilia harusi. Zaidi ya hapo, wangekuwa wamesema kweli.

Sumaku ya tatu ilikuwa imetulia kila mara, alijiambia. Kila mara. Akaiweka simu kwenye chaji, akaenda kuwasha jiko akaange dagaa, na hakuweza kuwala.

*

Mpango wa Jumamosi ulikuwa mwepesi kueleza. Kandida angewasha Bi Arusi. Umeme ukishaanza kutoka, Twilumba, akiwa kwenye chumba chake upande wa pili wa uwanja, angeshusha fimbo na kumzima Bibi. Kioo kilikuwa kimewekwa mbele yake aone sherehe. Msaidizi wake, Bwana Chengula, mtu mzima asiyependa maneno, aliketi kando.

Kwenye kioo kwaya ilikuwa ikipanda ngazi. Sketi za bluu, mashati meupe, na nyuma kabisa mzee mmoja akipumzika kila baada ya vidato viwili vitatu. Alipofika juu aliegemea ukingo, akanyoosha tai, akamtafuta binti yake kwa macho. Juu ya kichwa chake tu vitambaa vya dhahabu vilikuwa vikicheza.

Twilumba aliinuka.

"Shika Bibi," alimwambia Chengula. "Usishushe fimbo mpaka nikuambie kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Unakwenda wapi?"

"Harusini."

Alivuka uwanja mbio. Aliwaza akikimbia: nikipiga kelele kwamba kuna hatari, walinzi watanitoa, na watu watainamiana masikioni, unaona, wivu huo. Nani atamwamini mke mkubwa siku ya kuingia mke mdogo? Alikuwa ameyatumia maneno yake ya kweli Jumanne, na aliyatumia vibaya. Yaliyobaki yalikuwa ya utani tu.

Basi akaingia kwa utani. Alipita katikati ya mawaziri, akafika kwenye zulia jekundu mbele ya meza ya kuwashia, mahali Kandida alipokuwa amesimama na mkono tayari, akajilaza chali chini, mikono kifuani, kama maiti.

Walinzi wawili walisogea.

"Mimi ni mtani," Twilumba alisema akitazama dari. "Hakuna harusi ya Mngoni itakayofungwa hapa kabla sijalipwa fidia yangu. Mkitaka, wekeni kitufe juu ya tumbo langu."

Kigelegele kimoja kilipasuka kutoka kwenye kwaya, kikafuatwa na vingine. Waziri mmoja alipiga makofi. Walinzi walimtazama Mama Sikazwe, naye alikuwa anacheka kwa aibu. "Mwacheni," alisema. "Ni haki yake. Mpeni kitu aondoke."

"Mlipeni," Mzee Tawete aliita kutoka roshani. "Mlipeni upesi, Wahehe hawajui kufunga."

Mtu alimrushia noti. Hakuigusa. Mwingine alimwahidi mbuzi.

"Mbuzi mle mwenyewe. Nataka nguo za Bi Arusi. Vitambaa vyote vile vya darini, na kamba zake. Na nikishapewa, nataka hiyo kwaya ishuke inisindikize na mali yangu mpaka nje. Wote. Asibaki hata mzee mmoja juu."

Watu walizidi kucheka, isipokuwa mkuu wa mafundi wa mapambo, ambaye alianza kueleza bei ya satini. Twilumba hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Kandida kutoka chini, naye Kandida alikuwa amemwinamia. Uso wa Kandida haukuwa na kicheko hata kidogo.

"Mpeni," Kandida alisema. "Vyote. Na kamba mzikate, msipoteze muda kufungua."

Vitambaa vilianza kudondoka, vyeupe na vya dhahabu, vikamfunika Twilumba mpaka puani. Chini ya satini, gizani, alisikia visu vikikata kamba, na kila ilipokatika moja alisikia juu mkono wa chuma ukilegea na kugonga mara moja, tang. Alihesabu kwa moyo, akaomba wasisahau hata mmoja. Kisha kwaya ikashuka ikiimba. Mzee Tawete mwenyewe alimshika mkono akamwinua, wakatoka nje pamoja, mzigo wa vitambaa ukiburutwa kama mkia wa gauni la harusi.

Walikuwa mlangoni Kandida alipobonyeza.

Kwanza Bi Arusi aliwaka. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walipenda kulisahau. Kwenye kioo kikubwa pete ya rangi ya waridi ilitokea, ikazunguka, ikang'aa, na kwa muda wa pumzi moja bonde la Rukwa lilikuwa na jua lake. Twilumba aliliona akasahau kila kitu. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitunza, na machozi yaliyomtoka hakujua ni ya furaha au ya ule ugonjwa mwingine.

Kisha sumaku ya tatu ikapandwa na homa.

Jua lilizimika hapo hapo. Muungano hauna mnyororo wa kukimbia nao kama mpasuko. Ukikosa kushikwa unazimika tu, kama mshumaa. Lakini heliamu haikuzimika. Ilichemka, valvu zikafunguka kwa mshindo, ukumbi ukajaa mngurumo na ukungu mweupe, na juu mabati ya paa yakafunguka kwa pamoja, yote, kama mbawa. Ukungu ukapaa nje kwenye anga. Kwenye roshani tupu taa za kupima hewa zilikuwa zimegeuka nyekundu zote.

Wageni walitoka wakisukumana, wazima. Waziri aliyekuwa amepiga makofi alijaribu kusema "Mungu wangu," nayo ikatoka kwa sauti ya kifaranga cha bata, na watu wakacheka kwa hofu bila kujizuia. Mzee Tawete hakucheka. Alikuwa akitazama kupitia mlango zile taa nyekundu, mahali alipokuwa ameegemea, kisha akamtazama Twilumba, na mkono wake ukaondoka taratibu kwenye mkono wa Twilumba.

*

Alasiri Kandida alikuja kwa Bibi. Hakuita mlangoni. Twilumba alikuwa ameketi sakafuni juu ya lundo la vitambaa vyake, karibu na dirisha la bwawa ambamo fueli iliyotumika ilikuwa ikipoa ndani ya maji yenye mwanga wa bluu. Bibi alikuwa bado anafanya kazi. Zamu ya leo ilikuwa ya Muze.

"Jumanne," Kandida alisema, "ulikuwa unatania?"

"Hapana."

"Nilijua." Alibaki amesimama. Ovaroli yake ilikuwa na vumbi. "Ulisema, nikatazama juu. Niliona kamba. Sikuona vizuri, lakini niliona. Kila wazo la maana uliloniletea ulinipa ukicheka, Twilumba, mimi ndiye mtu pekee duniani anayelijua hilo. Halafu nikajiambia, ah, huyu ananionea wivu. Ikanitosha. Mtu akikuonea wivu ni raha sana, huna haja ya kumsikiliza."

"Nilikuwa nakuonea."

"Najua."

"Bado nakuonea. Lile jua lako nimeliona."

Kandida alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali na kulijibu. "Huo wivu utakwisha lini?"

Twilumba alitazama bwawa. "Nikishusha fimbo sasa hivi, kupasuka kunakoma papo hapo. Lakini vile vipande vilivyokwisha kupasuka vinaendelea kuoza, na vinatoa joto, kwa hiyo lazima uvimwagie maji bila kuchoka. Joto linapungua nusu. Halafu nusu ya nusu."

"Kwa hiyo haliishi."

"Linapungua mpaka linakuwa si kitu cha kumuunguza mtu. Ila maji yasikatike."

Pampu za Bibi zilivuma chini yao.

"Baba yangu alikuwa juu pale," Kandida alisema. "Hilo sitakusamehe leo."

"Sijakuomba."

"Wala mimi sijisamehe." Alifuta uso kwa kiganja. "Waandishi waliniuliza wazo la heliamu lilitoka kwa nani. Nikataja jina lako. Jina lote, na la baba yako. Halafu Mama Sikazwe akaniuliza ni nani alijua habari za dari tangu Jumanne. Nikataja jina lako tena."

Twilumba alivuta pumzi. Kwa miaka alikuwa ametaka jina lake litajwe. Hakuwahi kufikiri lingetajwa mara mbili kwa siku moja.

"Ni haki," alisema.

"Nikataja na langu. Nikamwambia tulijua wawili. Jumatatu tutakaa mbele ya kamati, wewe na mimi, na sijui kama tutatoka na kazi. Tukitoka nayo, nafungua sumaku ya tatu, na nataka wewe usimame pembeni yangu. Wanaonipenda hawakuona kitu. Nataka mtu anayenitafutia kasoro. Ila ukiiona, uniambie kwa jina langu, mateka. Kwa jina langu, tena kwa sauti ya kawaida."

"Kandida," Twilumba alisema. Lilikuwa jina gumu mdomoni, kama kiatu kipya. Akasogea, akavuta upande mmoja wa satini na kuukung'uta vumbi. "Kaa. Ni fidia yangu, lakini inatosha wawili."